Mtoto Asiyekuwamo Kwenye Mpango

Siku hizi ukifungua duka mtandaoni, nyumba yako lazima iishi kama ulivyoandika kwenye mpango wa biashara. Mtu ambaye hukumwandika, mtandao unamwita mgeni, na mgeni akisikika saa za kazi, duka linajifunga.

Nasra hakupanga chochote. Alinakili mpango wa shoga yake Hidaya, muuza udi mwenzake, akabadilisha jina tu. Hidaya hana mtoto. Nasra anaye Shamte, ndio kwanza anaanza kusema.

"Shoga, hata kuusoma hukuusoma?"

"Nyumbani hapakuwa na unga, Hidaya. Ningesoma saa ngapi?"

Nasra alipiga simu manispaa kuomba mwanawe aongezwe. Sauti tamu ikamjibu, "Mama, mpango ndio msingi wa biashara. Marekebisho ni mwakani." Ndio walewale waliovunja meza zetu sisi wachuuzi barabarani, wakatuambia tuhamie mtandaoni!

Basi Nasra akamfundisha mwanawe kunyamaza. Akitaka kulia, anamziba mdomo kwa kiganja, kisha anamwekea kidole midomoni: shii. Duka likashika, unga ukapatikana.

Leo asubuhi Shamte amejigonga kwenye meza ya udi, damu zikamtoka puani. Nasra akamrukia, akamkumbatia.

"Lia, baba! Lia, na lifungwe hilo duka!"

Mtoto akaachama, machozi yakamtiririka, sauti isitoke. Kisha akainua kidole chake chenye damu, akakiweka kwenye midomo ya mama yake.