Mfuko wa Uzi Mwekundu

Jumapili hiyo mumewe alimpeleka Bilkisi na watoto kwenye mtumbwi wake wa kazi, Ziwa Nzilo. "Leo mama ndiye atavuta mutego ya kwanza," alisema, na watoto wakapiga makofi.

Bilkisi akavuta kamba. Mtego ukaja na samaki, na chini yake, badala ya nanga, ukaning'inia mfuko uliojaa mawe.

Mfuko ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu.

Aliupapasa ule mshono. Ulikuwa wa mkono wake mwenyewe. Kule kwenye machimbo ya Mutoshi, kila mchimbaji alikuwa na mfuko wa madini uliotiwa alama ya uzi na mwanamke wa kwao, usije ukapotea wanapooshea mawe. Huu alimshonea mdogo wake wa kiume, aliyechimba shimo moja na mumewe, na aliyejifunga nao kiunoni kila alipoteremka.

Shimo lilipoporomoka, mumewe alitoka peke yake. "Hatukumufikia," alilia msibani mbele ya watu. "Hata kiatu yake sikuiona."

Muda si mrefu akanunua mtumbwi huu.

"Mama, batoto banangoja samaki," mumewe alisema akicheka. Kisha akaona alichoshika mkewe.

Vidole vya Bilkisi vilikuwa vimefika kwenye mkanda wa kiunoni. Fundo lake lilikuwa bado limekaza. Kando ya fundo, mkanda ulikuwa umekatwa kwa kisu.

"Tata," alimuuliza mumewe taratibu, "wakati ulikata, mudogo wangu alikuwa bado anasema?"