Nafasi Moja ya Chekechea

“Watoto wawili, mama mmoja, nyumba moja,” alisema Karin, mtafiti kutoka chuo kikuu. “Mmoja kasoma chekechea, mwingine hakusoma. Familia kama yenu ndiyo tunayoitafuta, Bi Ozella.”

Bi Ozella Pettway alimsogezea kipande kingine cha mkate wa mahindi. Aliisubiri siku hii tangu aliposikia kwamba serikali inataka kuifunga chekechea ya watoto wa maskini pale mjini kwao, jimboni Mississippi. Utafiti ndio utakaoamua, walisema. Naye alitaka ahesabiwe.

“Mbona hukuwapeleka wote?”

“Nafasi ilikuwa moja, mwanangu. Akaipata Verdie. Cleotis akabaki na mimi, na mimi mwenyewe mikono imejaa nguo za watu za kufua.”

“Verdie yuko wapi sasa?”

“Mjini Jackson, anafundisha hesabu. Na maringo hayo! Mama yake nikipiga simu mchana, naambiwa mwalimu yuko darasani.”

Karin alicheka. “Wakati huo mliishi hapa hapa?”

“Hapana. Nyumba ya kwanza iliungua asubuhi moja, nimetoka kuanika nguo. Verdie alikuwa chekechea, namshukuru Mungu.”

“Pole sana, mama.” Karin akafunua ukurasa mwingine. “Na Cleotis, ana kazi?”

“Hana.”

“Ameoa?”

“Hakuoa.”

“Ukiwaweka pamoja, tofauti yao unaionaje?”

“Mbingu na ardhi, mwanangu.”

Kalamu ya Karin ilikimbia. Hata matumaini yake hayakufika hapa. “Lazima nizungumze naye. Anakaa mbali?”

Bi Ozella aliinuka. Alivua aproni, akavaa kofia yake ya kanisani, ingawa ilikuwa Jumanne.

“Hapo tu, nyuma ya kanisa. Lakini niahidi kwanza. Utatuhesabu?”

“Kwa nini nisiwahesabu?”

Wakavuka barabara, wakalizunguka kanisa. Bi Ozella alipiga magoti kwenye majani mabichi, akafuta matope kwa kiganja juu ya jiwe dogo: *Cleotis Pettway, miaka mitatu.*

Karin akafunga kalamu yake.

“Mama,” alisema, “tunahesabu familia zile tu ambazo ndugu wote wawili wako hai.”