Lakiri Nzima

Zipora alipitisha kidole gumba juu ya lakiri, muhuri wa waya wenye namba, iliyofunga mlango wa marehemu mama yake. Namba ni ileile. Waya ni mzima.

Kwa miaka mingi, katika viwanda vya kurutubisha urani huko ng'ambo, kazi yake ilikuwa hiyo: kuhakikisha lakiri haijaguswa, ili ijulikane kwamba hakuna aliyechepusha urani kwenda kutengenezea bomu. Akiikuta nzima, alilala usingizi. Sasa kamera na lakiri zinazotuma taarifa zenyewe zimechukua kazi yake, naye amerudi kijijini kwao, Hombolo.

Hii aliifunga mwaka jana baada ya mazishi, kwa kuwa komeo lilikuwa limevunjika na mbuzi walikuwa wakiingia. Waya wenyewe mwembamba, mtoto angeukata kwa kisu cha jikoni. Alidhani ndugu wataukata, waingie, wakoke moto, nyumba isipoe.

"Hakuna aliyethubutu, mwanangu," jirani alisema kwa fahari. "Tuliona namba, tukajua ni mambo ya serikali hayo. Hata shangazi yako alipotoka Kondoa, alilala kwangu."

Buibui alikuwa amefuma utando kutoka kwenye lakiri hadi ukutani.

Zipora akatoa koleo. Jirani akakaza kanga yake, akasema ameacha maharage jikoni, akageuka aende.

"Mama, subiri." Zipora alimgeukia. "Kule kazini lakiri haikatwi bila shahidi. Simama nami."