Mgonjwa wa Arua

"Mulugbara apike gurusa? Hiyo itakuwa tofali!" Mama Hajara alisema, na uani kote wanawake wakaangua kicheko.

Wao walikuwa Wanubi wa Koboko, kaskazini mwa Uganda, wajukuu wa askari wa Sudani. Gurusa, ule mkate mwembamba wa unga uliochachuka, ndiyo iliyokuwa heshima ya nyumba. Na hakuna aliyemfikia Mama Hajara. Kila Ijumaa wageni walikula gurusa zake wakalamba vidole. Akiombwa afundishe, hutabasamu tu. "Hii iko kwa damu."

Sasa, katikati ya mwaka huo wa 1974, sukari yenyewe ya kutafuta kwa tochi, mwanawe Tahiru kamletea msichana wa Kilugbara kutoka Ayivu, karibu na Arua, jina lake Driwaru. Ati ni huyu au haoi kabisa! Makubwa haya. Mama Hajara akaweka mtihani mbele ya wifi zake: gurusa zikimshinda, binti arudi kwao na lori la jioni.

Alichagua Jumatano. Alhamisi haikufaa, maana siku hiyo hubeba kikapu chake kwenda Arua kumwona mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe sijui ana nini, mwaka wa nne huu haponi wala hafi.

Driwaru akachuchumaa jikoni. Nyuma ya ua Tahiru alikuwa akichungulia. Binti akamwaga uji wa unga kwenye kikaango, akautandaza upesi, akabandua. Gurusa ikatoka laini, haina hata doa la kuungua.

Wifi mkubwa, Kaltumu, akamega, akatafuna, akafumba macho.

"Hajara! Hii iko sawa kabisa na yako!"

"Kabisa!" wengine wakadakia. "Kumbe ulishafundisha yeye, unatuchezea tu!"

Mama Hajara akaonja. Akaonja tena. Akainama karibu na binti, kama anayechochea moto.

"Nani alifundisha wewe?" alinong'ona.

"Mama Medina wa Arua, yule anauza gurusa," Driwaru akajibu taratibu, macho chini kwa adabu. "Napikaga kwake. Kikapu yako ya kila Alhamisi, mama, ni mimi najazaga."

Mama Hajara akasimama wima, akapiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

"Wifi zangu, pangeni harusi! Kesho siendi Arua. Mgonjwa wangu amepona."