Mwavuli wa Mwanaisha

Siku Mwanaisha alipofariki, mwavuli wake wa kuruka ulibaki ukielea mlangoni, ukimsubiri. Katika mji ule wa jangwani kila mtu hufuatwa na mwavuli unaomjua kwa mwendo wake, na usipomwona mwenyewe kwa siku arobaini, manispaa huuchukua.

Siku ya arobaini, mumewe Mbarouk aliwatoa watoto kwenda kupanda ngamia. Mlangoni, Salha wa miaka sita akaanza kuchechemea kama marehemu mama yake. Mwavuli wa mama ukamfuata. Wake ukabaki nyuma.

“We Salha, goti la mama umelirithi lini?” kaka yake akamtania.

“Leo. Nyamaza, usiufukuze.”

“Mwache, mwanangu,” Mbarouk alisema, akimshukuru Mungu kwa kivuli kile.

Mwavuli wa Salha umeshachukuliwa. Sasa Salha huchechemea hata ndani ya nyumba.