Chupa Mbili za Mvinyo Mweupe

"Usiiguse hiyo!" Zipora alipaza sauti.

Mlinzi akarudisha mkono. Chupa ilikuwa imesimama juu ya ukuta wa kiwanda tangu asubuhi, jua la Dodoma likiichoma. Kando yake ilikuwapo nyingine, iliyojazwa kutoka pipa lile lile, lakini imeviringishwa gunia.

"Bosi amenituma nizipeleke ofisini," mlinzi alijitetea. "Polisi wameshafika."

Zipora alizitumbukiza zote mbili kwenye ndoo ya maji, zikapoa sawasawa, kisha akazibeba mwenyewe.

Alikuwa mkemia wa kiwanda hicho tangu kilipokuwa mali ya umma. Mwaka uliopita serikali ilikiuza kwa Henry, mfanyabiashara wa malori, naye jambo lake la kwanza lilikuwa kutupa chupa za kijani na kuagiza nyeupe kutoka nje, wateja wauone mvinyo unavyong'aa. Sasa maduka ya Dar es Salaam yalikuwa yanaurudisha. Mzee Eliakimu, mwonjaji mkuu, alipelekewa chupa moja iliyorudishwa. Aliinusa, akatikisa kichwa, akasema, "Umeharibika." Hakusema zaidi. Henry akamkamatisha Denis, mtunza mapipa, kwa madai kwamba ameuhujumu mvinyo kwa kuuweka kwenye madumu ya chuma.

Ofisini Denis alikuwa amesimama kati ya polisi wawili, shati limemganda mgongoni. Dirisha lilitazama shimo la makapi ya zabibu, na uvundo ulikuwa umejaa chumbani. Henry alijiziba pua kwa leso. Mzee Eliakimu aliketi pale pale dirishani, akinywa chai yake taratibu.

"Shikamoo, mzee," Zipora alisalimia akiingia.

"Marahaba, mwanangu."

Zipora alifunga dirisha, akasubiri hewa itulie. Kisha akamgeukia Henry.

"Hakuna chuma kilichogusa mvinyo huu, bosi. Ndani ya mvinyo wenyewe mna vitamini ya rangi ya manjano. Jua likiupiga, vitamini hiyo inanasa mwanga na kukigeuza kitu kimoja tu kilichomo kuwa harufu mbaya. Vingine inaviacha vilivyo. Chupa za kijani zilikuwa zinazuia mwanga. Hizi nyeupe hazizuii."

"Kwa hiyo mwenye kosa ni mimi?"

Zipora aliziweka chupa mezani. "Zote ni za pipa moja; hii imekaa juani tangu asubuhi, ile imefunikwa gunia."

"Mimi ni mtu wa malori," Henry alisema. "Maneno ya maabara siyajui. Ninayemwamini hapa ni mzee Eliakimu. Akiitambua ya juani kwa pua yake, nitakubali. Akikosea, Denis anaondoka na hawa."

Alizichukua chupa, akawapa wote mgongo. Aliitoa ile nyingine gunia, akatia alama chini ya ile ya juani, akazichanganya. Sasa hata Zipora hakujua ipi ni ipi. Aliambiwa amimine. Akamimina glasi ya kwanza, akamimina ya pili, akarudi nyuma. Mzee alikuwa akimtazama yeye, wala si mikono yake.

Eliakimu aliinua glasi ya kwanza, akaizungusha, akaingiza pua. Alikaa hivyo muda mrefu. Akachukua ya pili. Uso wake haukusema kitu. Akairudia ya kwanza. Denis alikuwa amefumba macho, midomo inacheza kwa sala.

"Mzee?" Henry aliuliza.

Eliakimu alisukuma glasi ya pili katikati ya meza.

"Hii."

Henry aliipindua chupa ya pili, akaangalia alama. Aliiangalia tena. Kisha akaileta glasi puani mwake mwenyewe, akaruka nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Mwachieni," aliwaambia polisi. Hakumtazama mtu yeyote usoni.

Nje, Denis alimkumbatia mzee huku akilia, kisha akakimbilia nyumbani kwa mkewe, Penina. Eliakimu na Zipora wakabaki peke yao kivulini.

"Pua yako imemwokoa mtu, mzee," Zipora alisema.

Mzee aligeuka, akahakikisha hakuna anayewasikia.

"Nilikuona ulivyokunja uso ulipomimina ile ya pili, mwanangu," alinong'ona. "Hebu niambie, ule mvinyo unanukaje?"