Tarehe Ubavuni mwa Tangi

Tangi la maji moto la jirani lilikuwa limepasuka na kuangusha dari, ndipo Nokuzola akamwita fundi alikague lake. Fundi alishuka kutoka darini na fimbo ya chuma, ndefu kama mkono, bado nzima.

"Mama, kutu hula fimbo hii badala ya kula tangi. Nani hukubadilishia?"

"Hakuna. Aliyekuwa akipanda huko ni marehemu mume wangu, na huu mwaka wa sita tangu tumzike."

"Basi anarudi!" fundi alicheka. "Kila Juni kuna tarehe ya kuibadilisha ubavuni mwa tangi, mpaka mwaka jana. Zimeandikwa kwa rangi nyekundu ya kucha."

Nokuzola akaduwaa. Nyumbani humo mwenye rangi ya kucha alikuwa mmoja tu, mke wa mwanawe, ambaye Nokuzola mwenyewe alikuwa amemfukuza asubuhi ileile akimwita mvivu.

Mkwe huyo akatokea na sanduku lake. "Mama, ubaki salama."

Nokuzola alijikuta amesimama katikati ya mlango.

"Nani alikufundisha kupanda darini?"

"Marehemu baba mwenyewe. Alikuwa akinishikia ngazi."